Hitilafu ya Mchana

Kuna wanaume hurithi shamba, na kuna wanaorithi ugomvi wa shamba. Fyuzi hakurithi kitu, akaenda akajinunulia maradhi: gari la spoti, jekundu, la milango miwili, lililokuwa limeshapita mikono mingi kabla ya kufika kwake. Alilinunua ujanani, hata kitanda cha maana hana, na kwa gari hilo akamchumbia mkewe. Jina la Fyuzi alipewa gereji kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa fundi umeme wa magari. Pili, alikuwa mwepesi wa kuungua. Neno dogo tu, paa, kazimika, hasemi na mtu mpaka kesho. Mkewe peke yake ndiye aliyejua kumwasha tena.

Gari lenyewe mkewe aliliita mke mwenza. "Mke mwenzangu kaamkaje leo?" huuliza asubuhi, na akimkuta Fyuzi anafuta dashibodi kwa kitambaa laini, mama huyo humwambia, "Mimi ungenifuta hivyo, mzee, ningekuwa bado msichana."

Wiki ya kwanza ya ndoa yao alimpeleka barabara ya mlimani, ile yenye kona nyingi, mpaka juu kabisa. Walikula mayai ya kuchemsha wameegemea boneti, mji wote uko chini yao. Miaka ikaja, watoto wakaja, wakakua, wakatawanyika, na kila mwaka Fyuzi alisema, "Tutarudi kule." Hawakurudi. Mtu akiishi na mke anamwona kila siku, hudhani siku haziishi.

Kisha mkewe akaanza kuishiwa pumzi. Alianza kwenye ngazi, ikawa uani, ikawa hata akivaa viatu. Hospitali walisema moyo umechoka, wakampa dawa, wakamrudisha nyumbani na maneno ya upole. Fyuzi aliyasikia yale maneno ya upole akayaelewa alivyotaka yeye, kwamba mgonjwa apumzike. Mdogo wa mkewe akaja kumuuguza, na Fyuzi akapata shemeji ndani ya nyumba, mwanamke wa kucheka na kutaniana naye. Siku hiyo hiyo akamwambia mkewe, "Ukipata nafuu kidogo, tunapanda mlimani. Safari hii sisemi tu."

Na gari, kana kwamba limesikia, likaanza kuumwa nalo.

Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu. Usiku Fyuzi aliichaji betri. Asubuhi aliliwasha, likanguruma vizuri, akalizima, akaenda gereji kwa pikapu yake ya kazi. Jioni akirudi, anatia ufunguo: tik. Kimya. Betri imekufa kabisa, hata taa ya ndani haionyeshi uzi mwekundu. Gari limeshinda uani halijaenda popote, na umeme wote umeliwa.

Alinunua betri mpya. Jioni, tik. Akafungua altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, akaikagua, akairudisha. Tik. Akafanya kama anavyofanya kwa magari ya watu: akachomoa waya wa hasi kwenye betri, akaweka mita ya kupimia umeme katikati, akafunga milango na kuukodolea macho mshale. Umeme ukiwa unavuja, mshale husimama. Unachomoa fyuzi moja moja mpaka mshale uanguke, na hapo mwizi umemkamata. Lakini mshale ulikuwa umelala. Hakuna aliyekuwa anaiba. Alichomoa fyuzi zote, akazirudisha zote, mshale umelala tu.

Gereji walifurahi, maana mganga hajigangi na sasa ushahidi walikuwa nao. Mnyoosha bodi mmoja, aitwaye Nyundo, alimwambia mbele ya wateja, "Fyuzi, kikulacho ki nguoni mwako. Tafuta humo humo ndani."

"Ndani nimetafuta mpaka chini ya zulia," alijibu Fyuzi, akazimika mpaka kesho.

Lakini nyumbani hakuzimika. Kila jioni, mikono ikinuka grisi, alikaa kwenye kiti kando ya kitanda akatoa taarifa. Leo nimefuata waya wa taa za nyuma. Leo nimekuta waya wa ethi umeshika kutu, nimeusugua. Mkewe, aliyeegemezwa mito minne kwa sababu akilala chali alizama kama mtu aliye majini, alisikiliza na kuuliza maswali ya mtu aliyeishi na fundi umri wote: "Na relei ya honi umeitazama?" Fyuzi alipiga paja. Relei ya honi, kile kiswichi kidogo cha umeme! Akalala usiku ule ana kazi ya kesho.

Mwisho aliamua kwamba ni joto. Gari linazima mchana tu, mchana kuna jua, jua linapasha relei fulani ikajibana, jioni ikipoa inaachia. Akili ilikubali, tena ilikubali kwa furaha. Alisimika nguzo nne uani, akafunga turubai juu ya gari. Sasa hili ndilo la kusikitisha. Mteja yeyote akileta gari lenye betri inayokufa, swali la kwanza la Fyuzi ni moja: "Nani mwingine ana ufunguo?" Nyumbani kwake hakuliuliza. Angemuuliza nani? Mgonjwa asiyefika bafuni bila kushikwa mkono?

Turubai halikusaidia. Jioni moja alirusha spana ikagonga ukuta, akapiga kelele uani, "Kisichopona kitupwe!" Kisha akakumbuka dirisha la chumbani liko wazi. Aliingia ndani mdogo kama kipande cha sabuni.

"Usimtupe mke mwenzangu," mkewe alimwambia taratibu. "Mimi nimemzoea."

"Siku nikipata tu ugonjwa wake, tunakwenda. Siwezi kukupandisha mlima na gari la kuzima njiani."

"Najua, mzee. Endelea kutafuta."

Basi wiki moja baadaye gari likapona. Jioni alitia ufunguo kwa mazoea tu, likawaka. Hakuamini. Kesho yake jioni likawaka. Siku ya tatu likawaka, na Fyuzi akaingia chumbani mbio, amesahau hata kuvua ovaroli.

"Ni lile turubai! Lilihitaji siku tu za kupoa! Jumamosi, mke wangu. Jumamosi tunapanda."

Mkewe siku hizo alikuwa hatoki tena kitandani. Alimtazama mumewe muda mrefu, akatabasamu kwa midomo iliyokauka. "Haya, mzee. Jumamosi."

Shemeji mtu alikuwa anakunja nguo pembeni. Aliziacha kama zilivyo, akatoka nje. Fyuzi aliona mlango ukifungwa, wala hakujiuliza. Ijumaa alinunua mayai.

Mkewe alifariki Ijumaa hiyo hiyo mchana, Fyuzi akiwa dukani.

Msiba ukajaza uani. Watu walihitaji kivuli, wakalifungua turubai juu ya gari, wakalitandaza upande wa pili ili waombolezaji wakae. Gari likashinda juani siku zote za msiba, rangi yake nyekundu haishikiki kwa moto. Watoto walikuja, wakalia, wakamshika baba yao mabega, wakarudi kwenye kazi zao. Alibaki shemeji, amalizie kupanga vyombo na nguo za dada yake.

Nyumba ilipotulia Fyuzi alikwenda kwenye gari, bila sababu, kwa kuwa ndiko miguu ilikozoea. Alitia ufunguo. Likawaka pale pale.

Akalizima. Akakaa. Mtu mwingine angeshukuru, lakini huyu alikuwa fundi, na ufundi hauendi msibani. Turubai lilikuwa limeondolewa. Gari limepigwa jua siku hizo zote. Kama ugonjwa ulikuwa joto, betri ingekuwa imekufa. Basi haukuwa joto. Na hitilafu haijiponyi. Kama imeondoka, kuna kitu kimeondoka nayo.

Alizihesabu siku nyuma taratibu. Lilianza kuzima mgonjwa aliporudi kutoka hospitali. Liliacha kuzima mgonjwa alipoacha kuamka. Aligeuka kutazama kiti cha abiria. Kilikuwa kimelazwa nyuma nusu, na yeye hakumbuki kukilaza.

Shemeji alikuwa jikoni anafunga vikombe kwenye magazeti. Fyuzi alisimama mlangoni, akauliza swali ambalo alikuwa amewauliza watu maisha yake yote.

"Shemeji. Nani mwingine alikuwa na ufunguo wa gari?"

Yule mwanamke hakushtuka. Alifuta mikono, akaingiza mkono mfukoni mwa gauni, akatoa ufunguo wa akiba, akauweka mezani.

"Dada aliniambia nikupe siku utakayouliza. Usipouliza, nisikupe."

"Alikuwa anafanya nini humo?"

"Anapumua," alisema shemeji. "Kitandani alikuwa anazama. Siku moja akasema nipeleke kwa mke mwenzangu. Tulikwenda hatua mbili, tunapumzika, hatua mbili, tunapumzika. Kile kiti ukikilaza kidogo kinamshika mgongo vizuri kuliko mito. Nawasha ile feni ya mbele, inampuliza usoni, na redio kidogo. Analala, shemeji. Usingizi kabisa. Feni ikianza kuchoka, ikazunguka polepole, ananiambia, betri imekwisha, twende ndani, mzee anakaribia kurudi. Nazima kila kitu, nafunga mlango."

Feni. Fyuzi aliketi kwenye kiti cha jikoni. Hakuna kinachokula betri kama feni ile. Alikuwa ameipima mara ngapi, imezimwa!

"Kwa nini hakuniambia? Ningemwekea betri mbili. Ningemwekea waya kutoka ndani! Mimi ni fundi umeme, shemeji!"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwambia, dada, basi acha hata siku mbili, betri ikae, akupeleke huko mlimani mnakosema." Alichukua kikombe kingine, akakifunga gazeti. "Akasema, zile kona siziwezi tena. Nikimwambia siwezi, atajua. Muache atafute. Siku akipata ugonjwa wa gari, atabaki na wangu."

Fyuzi aliulaza uso mezani kati ya vikombe vilivyofungwa magazetini, akalia kwa sauti, kilio ambacho msibani wanaume walimzuia asikitoe. Shemeji alimshika kichwa kama anamshika mtoto, naye akalia. Chai aliyokuwa ameibandika shemeji ikachemka mpaka ikamwagika jikoni na hakuna aliyeinuka.

Shemeji aliondoka siku iliyofuata. Fyuzi alimsindikiza kwa pikapu hadi kituoni, akarudi kwenye nyumba ambayo hata bomba lake lilikuwa linasikika likidondosha maji.

Asubuhi, kabla ya kwenda gereji, alifungua mlango wa gari upande wa abiria. Hakukigusa kile kiti. Kilibaki kimelala vile vile. Alitia ufunguo, akauzungusha kidogo bila kuwasha injini. Akaifungua feni mpaka mwisho, ikampuliza usoni, hewa yenye vumbi na harufu ya zamani. Akawasha redio kidogo. Akaufunga mlango taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu, akaenda kazini.

Gereji aliungua mara mbili kwa Nyundo na mara moja kwa mteja. Hakuna aliyeshangaa.

Jioni alirudi, akaenda moja kwa moja uani. Feni ilikuwa imesimama. Redio ilikuwa kimya. Alikaa kwenye usukani, akaurudisha ufunguo nyuma, akauzungusha tena.

Tik.

Alipitia mlango wa nyuma, na grisi yake mikononi, akaenda chumbani. Mito minne ilikuwa bado imepangwa. Alivuta kile kiti kando ya kitanda, akaketi.

"Limezima tena, mke wangu," alisema. "Kesho nitaitazama relei ya honi."