Siku Ketaki Alipoanza Kuigiza

Siku filamu ya kwanza ya Ketaki ilipoanza kupigwa, studio ya Andheri ilinukia ubani. Kamera ilishavishwa shada la maua ya manjano na nazi ilishapasuliwa mbele yake. Lililobaki ni mkubwa wa ukoo kugonga kibao ili kamera ianze, maana watu wa sinema wa Bombay hawaanzi hivihivi bila baraka. Mkubwa mwenyewe alikuwa Kumudini, mama yake Ketaki, aliyekuwa nyota kabla ya kuacha kazi ili amlee. Alikuja na sari ya hariri ya kijani, nywele kazitia rangi upya.

Miezi michache nyuma, mwongozaji Bhaumik alitaka kumpa Kumudini nafasi ya mama katika filamu hiyohiyo. Ketaki akaogopa. Mama akitokea, nani atamtazama yeye? Akamnong'oneza Bhaumik, "Mama siku hizi anasahau. Hata maneno mawili hayamkai." Nafasi akapewa mwingine, na Kumudini akaambiwa tu kwamba walitaka mtu mnene.

Sasa Bhaumik akamshika Kumudini mkono kama anayevusha mtoto barabara, akamkabidhi kibao. "Mama, hiki ni ki-ba-o. Unakikumbuka?"

"Nimegongewa hicho kabla hujaota meno, mwanangu."

Watu wakacheka. Lakini mpambaji wa waigizaji naye akamwinamia sikioni na kupaza sauti, "Mama, choo kiko huku! Usije ukapotea!"

Tabasamu likamwisha Kumudini. Akamgeukia bintiye. "Keta, kwani nimefanya nini? Kuna kitu nimesahau? Niambie wewe, usinifiche."

Ketaki aliona angeweza kunyamaza, wayamalize nyumbani. Taa zilishawashwa. Lakini macho ya mama yake yalimshinda.

"Hujasahau kitu, Mama. Mimi ndiye niliyewaambia unasahau. Ni uongo. Sikutaka upewe ile nafasi."

Mwigizaji aliyepewa nafasi hiyo akawa anakunja na kukunjua ncha ya sari yake.

"Mkataba ushatiwa saini, Mama," Bhaumik akasema taratibu.

Kumudini akamrudishia Bhaumik kibao. "Gonga wewe. Sina baraka za kumpa leo."

"Mama, subiri!" Ketaki akaita.

"Simama pako. Watu wanakungoja."

Akatoka. Bhaumik akagonga. Katika picha ile Ketaki alitakiwa acheke, naye akacheka, na wote wakasema amecheka vizuri.