Ushuhuda wa Aseel

Si kwamba Aseel hakuonywa. Ami yake Thani, wakili wa miaka mingi, alimwambia wazi wakinywa kahawa: "Shahada ya sheria ya chuo cha kanisa, huko Amerika, utaipeleka mahkama ipi hapa Maskati? Utarudi na cheti cha kutundika ukutani."

Aseel akajibu kwamba waliosoma chuo kile wanagombaniwa na makampuni, Dubai mpaka London, na yeye hana haja na mahkama za Maskati. Anataka kusuluhisha kesi za mafuta na meli. Alilitaka hilo kwa roho yake yote.

Jambo moja hakulisema. Chuo kilipokea Wakristo tu, na kila mwombaji aliandika ushuhuda wa imani yake. Mwanzo aliandika kwamba anamwamini Isa, akajituliza: Mwislamu gani asiyemwamini Nabii Isa? Chuo kikataka maelezo zaidi. Ujanja mwingi mbele giza. Binti huyu akaandika kwamba ameiacha dini ya wazee wake.

Akakubaliwa. Kwa furaha ya kijinga akamtumia baba yake ukurasa wa chuo wenye picha yake, bila ya kuutazama mpaka chini. Baba huyo, Mzee Marhoon, mzaliwa wa Unguja, Kiingereza chake hakivuki salamu. Nyumba yao, mtaani Mabela, ikanukia udi. Na katika ukoo ule furaha haifungiwi ndani: mzee akaupeleka ukurasa kwenye kundi la simu la jamaa wote, mtaa wa Mawaleh mpaka Unguja, na kwa wakwe watarajiwa wa Aseel, huko Qurayyat.

Ndipo Aseel alipoteremka chini ya picha. Ushuhuda wake ulikuwapo, wote. Akamkimbilia baba yake.

"Baba, futa!"

"Nifute nini? Washasoma wote." Mzee aliikodolea macho simu, tabasamu likimpungua. "Lakini hata mmoja hajatupongeza, hajasema mabruk. Ndiyo husda hii?"

Simu ikaita. Alikuwa Thani. Mzee alisikiliza, kisha akaiweka simu mezani polepole.

"Ami yako anasema nisimuulize mtu mwengine. Anasema unisomee wewe maneno ya chini ya picha." Akavaa miwani, ingawa hakuwa na cha kusoma. "Nnakusikiliza, mwanangu. Kwa Kiswahili. Usiruke neno."