Njia ya Nane

Hillary alikuja kijijini kwetu Wusi na gari jeupe la kampuni. Aliliacha barabarani kwa kuogopa matope, akateremka kwa miguu hadi kwangu, viatu vikashika tope hata hivyo. Nilijua kilichomleta. Binti yangu Everlyne alikuwa amekataa kutia sahihi mchoro wa kampuni, akarudi nyumbani, na bila sahihi yake mchoro haungekwenda kiwandani Ijumaa.

Kazi yake ameshanieleza mara nyingi. Anachora njia za mwanga ndani ya kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha. Mwanga unaingia upande huu, unapita katika njia nyembamba kuliko unywele, na njiani kuna mageti madogo yanayopashwa moto kwa umeme. Kompyuta ikiamuru, geti linaugeuza mwanga uende huku au kule. Kesho ukitaka kipande kile kile kifanye kazi nyingine, unabadilisha amri tu. Hiki cha sasa kilikuwa cha mashine ya kupima damu katika zahanati: watu wanane kwa mara moja, kila mtu na njia yake.

Shida ni kwamba kila geti linakula mwanga kidogo, na kila kona inamwaga kidogo. Hillary, bosi wake pale Voi, alikuwa ameubana mchoro ili uenee katika nafasi ndogo ya silikoni waliyopewa kiwandani. Njia ya kwanza ikapita mageti machache. Ya nane ikazungushwa kwenye mageti yote na kona zote, mwanga ukafika hoi.

Mimi nimelima shamba la mwisho la mfereji wetu tangu nilipoacha shule. Jambo hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili, na nikampa Everlyne ushauri papo hapo.

"Ipanue hiyo ya nane. Sisi mfereji ukifika mwisho tunaupanua."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Baba, haya si maji. Ukipanua njia, mwanga unaanza kutangatanga ndani yake kama mlevi. Unaharibu zaidi."

"Basi tia sahihi. Kazi unayo, wenzako wengi wamekaa tu nyumbani."

Kwa hiyo Hillary alipoingia, mimi nilikuwa upande wake, ingawa yeye hakujua. Mke wangu Susan akamwekea chai. Hillary akanigeukia mimi, si Everlyne.

"Mzee Sylus, nisaidie na huyu. Amekuwa mgumu."

"Alizaliwa hivyo. Ongea naye, yuko hapo."

Akamgeukia. "Everlyne, programu itarekebisha. Mwanga wa nane ukiwa hafifu, kompyuta itakisia kilichobaki."

"Itakisia damu ya mtu?"

"Inakisia vizuri. Mara nyingi."

"Na zile mara nyingine? Nesi atajuaje? Mashine haitamwambia namba hii nimepima, hii nimebuni."

"Ni njia moja kati ya nane!"

"Ni mgonjwa mmoja kati ya wanane. Kila wakikaa kupimwa." Akavuta kompyuta karibu. "Mchoro mwingine nilikuonyesha. Punguza ziwe sita. Nafasi inatosha, kila njia inapita mageti sawa na mwenzake, mwanga unafika sawa kwa wote."

"Wanunuzi nimewaahidi nane."

"Waambie sita."

"Siwezi kurudi kwa watu na sita!" Akanigeukia tena. "Mzee, mwambie. Akikataa leo, nafasi yetu kiwandani inapewa watu wengine, na yeye hana kazi. Simtishi. Namweleza ilivyo."

Nikakohoa. Nilitaka kumwambia atie sahihi, tumalize.

"Everlyne, mama," nikaanza.

"Baba, ule mwaka wa ukame ulikaa ndani ya mfereji kwa nini?"

Hillary akatutazama kwa zamu. Hakuelewa. Susan alielewa, kwa sababu ndiye aliyeniletea chakula kule.

Mwaka huo kamati ya mfereji ilikaa bila mimi ikafuta zamu yangu ya maji. Maji yalikuwa machache, wakasema, na shamba moja likikauka kijiji hakitakufa njaa. Nikapanda hadi pale maji yanapoingia shamba la mwenyekiti, nikaketi ndani ya maji na suruali yangu, mgongo wangu ukawa ndio ukuta. Waliniita kichaa. Waliniita na majina mengine. Sikuondoka mpaka zamu yangu iliporudishwa. Everlyne alikuwa bado mtoto, na nilidhani amesahau.

Nikanywa chai yangu. Ilikuwa imepoa.

"Bwana Hillary," nikasema, "wewe ukienda kupimwa na mashine hii, utachukua njia ya ngapi?"

"Mzee, hilo si swali la kitaalamu."

"Utaalamu sina. Nimeuliza njia."

Hillary akatazama viatu vyake.

"Hatatia sahihi," nikasema. "Na mimi nilikuwa karibu kumwambia atie, kwa hiyo usidhani tulipanga."

"Hapo ni baba yako anaongea," akasema Hillary, akimtazama Everlyne.

"Ni mimi," akasema Everlyne. "Sitii sahihi."

Hillary akasimama. "Basi nitahitaji kompyuta ya kampuni."

Everlyne akaizima, akakunja waya wake vizuri, akamkabidhi.

"Maliza chai," Susan akamwambia Hillary. "Sisi na tumbo lako hatujagombana."

Akaimaliza akiwa amesimama. Kisha akapanda mlima na kompyuta kwapani, akiteleza, na hakuna aliyemcheka.

"Sasa utakula nini?" Susan akamuuliza binti yake.

"Atakula hapa," nikasema. "Kabeji zipo. Na kampuni si hiyo moja."

Everlyne alibandua ukutani kalenda ya kanisa ya mwaka jana, akaigeuza mgongo, akatafuta penseli, akaanza kuchora njia sita kutoka kichwani. Alifuta, akachora, akafuta tena. Alipomaliza akanisogezea.

"Hesabu mageti, baba. Uniambie kama kuna iliyoonewa."

Nikavaa miwani, nikaweka kidole kwenye njia. Nilianza na ile ya mwisho.