Beseni Sakafuni

Kila mwanamke aliyejifungua mara ya kwanza katika wodi ile alimwogesha mtoto mwenyewe, mkunga akitazama, ndipo akaruhusiwa kwenda nyumbani. Leo ilikuwa zamu ya Spidi.

Jina hilo walimpa shuleni kwa utani, kwa sababu alipokuwa akifunga kifungo kimoja cha shati, wenzake walikuwa wameshavaa hadi viatu. Vidole vyake vilijikunja na kujikunjua vyenyewe, polepole, viganja vikageuka juu, shingo ikafuata. Alikuwa hivyo tangu uchanga, ugonjwa wa manjano ulipompanda hadi kwenye ubongo. Daktari aliiita hali hiyo athetosi. Alipolala usingizi, mikono ilitulia tuli. Alipotazamwa, ilichachamaa.

Na leo alitazamwa na watu watatu.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia mume wa Spidi, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "teksi inasubiri. Mtoto aje kwangu. Akishajua kukaa mtamchukua. Kwani nimesema nitamla?"

"Mama, mkunga hajasema lolote."

"Atasema nini? Si ana macho?"

Mkunga alipima joto la maji kwa kiwiko. Beseni lilikuwa juu ya meza. "Mtoto akiogeshwa salama, anaondoka na mama yake. Ikishindikana, nitamkabidhi mtu anayeweza kumshika. Haya, mama. Taratibu."

Spidi alisimama, akamwinua mwanawe kwa mikono miwili. Mkono wa kulia ukaanza kugeuka. Aliuona ukianza, na angeungoja umalize safari yake, lakini mumewe aliruka akamdaka kifundo cha mkono ili autulize.

Mume alijua kwamba Spidi hashikwi mkono ukianza kugeuka. Walikuwa wameishi pamoja miaka miwili, alijua vizuri kabisa, ila hofu ilimsahaulisha. Mkono ulioshikwa ukapambana. Kiwiko kikagonga beseni, maji yakamwagika, na mtoto akateleza.

Mkunga alimdaka mtoto kichwa kikiwa karibu na ukingo wa meza.

Kisha mtoto akalia, na mama mkwe akanyoosha mikono. "Nipe. Tumeshaona."

Mkunga alimtazama mtoto, akamtazama bibi.

"Be..." Mdomo wa Spidi ulipinda, neno likakwama, akalisukuma. "Beseni. Chini."

"Chini wapi?"

"Sakafuni. Na wewe, baba," alimgeukia mumewe, "nenda kule dirishani. Kahesabu magari."

Hakuna aliyewahi kuogesha mtoto sakafuni katika wodi ile. Mkunga alisita, kisha akashusha beseni, akalijaza maji mengine. "Mikono yangu inakaa hapa karibu."

Spidi aliketi, mgongo ukutani, beseni ubavuni. Mkono wa kushoto, ule mkorofi zaidi, akaukalia. Mkunga akamlaza mtoto kwenye bonde la mapaja yake. Kitambaa kikafungwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ili asihitaji kukikamata. Ndivyo alivyofanya mazoezi nyumbani na mfuko wa unga, hadi mumewe akasema hajawahi kula ugali msafi kama ule.

Tumbo likaoshwa. Miguu ikaoshwa. Alipofika usoni, mkono ulianza tena: vidole vilifunguka hewani juu ya macho ya mtoto, kiganja kikageuka, matone yakidondoka.

"Atashikwa na baridi," mama mkwe alinong'ona.

Spidi hakuupinga mkono. Aliungoja, kama mtu anayesubiri lori lipite ndipo avuke barabara. Mtoto alitetemeka. Mkunga alisogeza vidole. Lori likapita, kitambaa kikatua kwenye paji la uso, kwa wepesi, kikafuta sabuni.

Ukabaki mgongo. Unga haukuwa na mgongo. Kumgeuza mtoto kulitaka mikono miwili, na wa pili alikuwa ameukalia. Angeutoa, ungekuja na vurugu zake. Angeomba msaada, angekuwa amekiri kuwa hawezi, mbele ya mkunga.

Alimtazama mtoto wake, wala si mkunga.

"Mama," alimwambia mkwe wake. "Nigeuzie."

Mumewe aligeuka kutoka dirishani. Mama mkwe alisimama pale pale kwa muda, mkoba kwapani. Kisha akauweka chini, akapiga magoti, viungo vikilia, akamgeuza mjukuu wake na kumshika kifua kwa kiganja. Kitambaa kilipita mgongoni, kikasimama kikingoja, kikapita tena. Bibi naye akangoja. Mtoto akafunikwa taulo.

"Basi," mkunga alisema, "nimkabidhi nani?"

Spidi alifumba macho.

"Mama yake," mama mkwe alijibu, kwa ukali, kana kwamba ameulizwa swali la kijinga. "Mimi nimegeuza tu." Akamgeukia mwanawe. "Kamwambie dereva tunakwenda kwenu. Na kesho nitakuja."

"Kufanya nini, mama?"

"Kugeuza. Au mwanao atakuwa na upande mmoja?"