Nyuma ya Mfupa wa Kinena

Tangu saa sita mchana mpira uliopitishwa kwenye kibofu cha Mzee Omer haukutoa hata tone la mkojo. Mkewe, Bilonda, aliuinua mfuko uliotundikwa kitandani, akautikisa, akaurudisha. Chini ya kitovu tumbo la mzee lilikuwa gumu, na yeye, fundi wa pampu mgodini miaka thelathini, alikuwa akilia bila sauti.

"Ita infirmier," mzee alimnong'oneza mkewe.

Vitanda arobaini, nesi mmoja. Na nesi mwenyewe, loo, ni Gael, mume wa binti yao Noëlla!

"Mi nakatala!" Omer alivuta shuka hadi kifuani. "Mukwe haone utupu yangu. Afazali nikufe."

Gael alisimama mbali, macho sakafuni, maana kwa mila yao hata mama mkwe hatazamwi usoni.

"Tata, daktari alipita kati ya mufupa ya kinena na kibofu. Pale iko nafasi kidogo, iko mafuta na mishipa mingi ya damu. Njo kule alitoa tezi dume. Sasa damu imeganda, imeziba mupira. Kibofu ikijaa zaidi, mushono itapasuka, mukojo na damu bitaingia mule. We unajua maji ya mugodi kupita mi."

Omer alijua. Alifumba macho.

"Sasa nani atafanya?"

"Mama."

"Miye?" Bilonda aligutuka. "Na mikono hii ya kutwanga majani ya sombe?"

"Njo hiyo, mama. Inajua kupima nguvu."

Gael aliweka glavu na bomba kubwa la sindano lililojaa maji ya chumvi juu ya kiti, akageukia ukuta.

"Chomoa mufuko. Sukuma maji ya chumvi polepole... Sasa vuta. Usilazimishe."

Donge jeusi likatoka. La pili. Kisha mkojo mwekundu ukaanza kutiririka, na Omer akashusha pumzi ndefu.

"Bilonda wangu, we njo pompe yangu."

Mama wa watu alicheka huku machozi yakimdondoka kwenye glavu.

Jioni Gael alifungua daftari la zamu. Kila siku mkuu wa wodi alimwamuru aandike jina la nesi wa pili, mtu mwenye mshahara ambaye hakuna aliyewahi kumwona wodini. Leo hakuliandika jina hilo. Chini ya jina lake mwenyewe aliandika: *Bilonda, mke wa mgonjwa*. Akatia sahihi.