Koti Langu Limethibitishwa Kazini

Usiku wa kuamkia leo niliota kiwanda chetu kimefunga mizigo. Kilikuwa kimesimama kwenye uwanja wa halmashauri, godoro limefungwa kwa kamba juu ya bati, tangi la mafuta ya alizeti kwapani. Mimi nilikuwa nimekifuata tangu asubuhi, kwa sababu zamu yangu ilikuwa haijaisha na bado nilikuwa na vifuniko vya chupa mkononi. Mwaka huu ni wa kumi na moja nafunga vifuniko pale, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu.

"Wilaya ya jirani wananiita," kiwanda kilisema. "Wamenifyekea kiwanja, wamenichimbia na kisima. Hapa ni ushuru tu, kila siku ushuru."

Mwenyekiti wa halmashauri, Mheshimiwa Kitundu, alitoka mbio na taulo shingoni. Akakibembeleza kama mtu anayembembeleza mkwe aliyesusa chakula. Karibu ndani, akakiambia, utakula, tutazungumza. Kiwanda kikaingia ukumbini kwa ubavu, ukuta ukapasuka, na hakuna aliyesema lolote kuhusu ukuta.

Ndani baraza la madiwani limeshakaa. Hoja inasomwa: kiwanda kisamehewe ushuru wa huduma kwa miaka mitano, kwa sharti kwamba ajira mia mbili na kumi na nne zibaki. Sheria ndogo yenyewe imeletwa. Inanifika gotini, imekalishwa kwenye kiti, miguu inaning'inia. Madiwani wote wanaunga mkono. Na mimi nilinyoosha mkono wangu, maana moja ya ajira hizo ni yangu, nikaambiwa wageni hawapigi kura.

"Tutazihakiki vipi?" diwani mmoja akauliza.

Bwana Msengi, Afisa Biashara, akasimama. "Kwa utaratibu wetu wa siku zote, mheshimiwa. Koti likiwa kwenye kiti, mtu yupo."

Hakuna aliyecheka. Kila aliyekuwamo anaujua utaratibu huo. Unaingia ofisini, unakuta koti mgongoni mwa kiti, unaambiwa yupo, ametoka kidogo, msubiri. Mimi niliwahi kulisubiri koti la ofisi ya ardhi siku nne, na siku ya tano nikaambiwa limekwenda semina.

Nageuka, na tuko kiwandani, kwenye chumba cha ufungashaji. Hakuna aliyetembea. Sisi pale tunafanya kazi tumesimama. Miaka yote tumeomba hata viti viwili vya wajawazito, tunaambiwa bajeti. Sasa vipo viti mia mbili na kumi na vinne vya plastiki, vyeupe, vimepangwa mistari. Tukaamriwa tuvue makoti ya kazi tuyatundike juu yake. Tukayatundika. Bwana Msengi akapita akihesabu kwa ncha ya kalamu, akaandika, akasema zimetimia.

"Asanteni," kiwanda kikasema. "Sasa nyie mnaweza kwenda."

"Kwenda wapi?" nikauliza.

"Nyumbani. Ajira zimebaki."

Wenzangu wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mtu anaagana na koti lake. Wengine wanayaachia maelekezo ya mashine, hasa ile ya pili ambayo lazima uipige kofi ndiyo iwake. Mimi nilikataa. Nikaliendea koti langu, nikaliambia twende zetu.

"Niende wapi, dada?" koti likasema. "Mimi nimethibitishwa kazini. Mkataba wa kudumu, na likizo."

"Nimekununua mimi. Nakufua kila Jumamosi."

"Nashukuru sana. Jumamosi uje unichukue, ila upitie getini ujiandikishe."

Miaka kumi na moja nimeomba mkataba wa kudumu, na leo wamekipa kitambaa. Sijawahi kukichukia kitu kama nilivyolichukia lile koti. Nikafungua mlango niende kulalamika, na mlango ukanitoa kwenye ukumbi wa baraza, madiwani wako kwenye chai. Nikasema mimi ni Tabitha Mkumbo, mfungashaji, nina watoto watatu, wa kwanza anaingia kidato cha nne, na ninataka kazi yangu.

"Mama," Mheshimiwa Kitundu akasema kwa upole, sambusa mkononi, "kazi yako tumeiokoa. Iko salama. Tumeipigia kura."

"Iko salama, lakini mimi simo."

"Ndiyo. Sisi tulizuia ajira zisiondoke. Watu hatukuwazuia." Akaigeukia sheria ndogo. "Au wewe una watu?"

Sheria ndogo ikajipapasa mifukoni, ikachungulia hadi ndani ya soksi. "Sina," ikasema. "Nina ajira, na nina faini."

"Basi suala la mama huyu liingie kwenye mengineyo," diwani mmoja akasema, na wengine wakaunga mkono.

Nikapelekwa Mengineyo. Ni chumba, kiko nyuma ya stoo, na kimejaa watu wanaosubiri. Mzee mmoja alikuja kuhusu daraja, ila amesahau la mto gani. Dada mwingine ameshaanza kupanda mchicha kwenye ndoo. Nikawaamkia, nikawaambia mimi sikai, nikatokea dirishani.

Dirisha linashukia kiwandani. Hapo uvumilivu ulikuwa umenishinda. Nikalikamata koti kwenye kola, nikalivaa huku linanipigia kelele.

"Umeacha kiti kitupu," likasema. "Zimebaki mia mbili na kumi na tatu."

Kiwanda kikasikia. Kikanyanyuka, kikaanza kukaza kamba za godoro. Madiwani wakaingia wote na vikombe vyao, wananisihi. "Mama Mkumbo, usiue ajira. Wafikirie wenzako." Nikawatazama wenzangu. Wako nje ya uzio, wamekaa chini kwenye vumbi, wanasubiri Jumamosi wakafue.

Nikakaa kwenye kiti changu na koti mwilini. "Haya," nikasema, "hesabuni."

Bwana Msengi anahesabu. Anafika kwangu, anasimama. Anazunguka nyuma ya kiti, anarudi mbele, anavaa miwani.

"Koti lipo kwenye kiti," anasema. "Lakini kuna kitu ndani yake."

"Ni mimi."

"Kinaharibu hesabu, mheshimiwa."

"Kitoeni," Mwenyekiti anasema.

Wananishika, wawili huku, wawili kule. Wananivuta kama watu wanaotoa mto kwenye foronya, na koti linawasaidia, linajifungua vifungo lenyewe. Nimeng'ang'ania kiti. Nawaambia mimi ndiye ninayefunga vifuniko, koti halina vidole, nani atavifunga. Hakuna anayejibu, kwa sababu swali hilo halimo kwenye ajenda.

Nikaamka nimeushika ubao wa kitanda kwa mikono miwili. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo, jirani anafagia uwanja. Nilikuwa na hasira ya kweli, ya mtu aliyeonewa, nikajaribu kujiambia ni ule ugali niliolalia. Nikachukua simu. Kulikuwa na ujumbe kutoka ofisi ya utumishi ya kiwanda, umeingia nikiwa bado usingizini.

"Wafanyakazi wote wa ufungashaji. Leo halmashauri wanakuja kuhakiki ajira. Kila mmoja alete koti lake la kazi likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, na kulikabidhi getini kabla ya saa mbili. Baada ya kukabidhi mnaweza kurudi nyumbani mpaka mtakapojulishwa."

Nikausoma mara mbili. Kisha nikaenda uani, nikalianua koti kwenye kamba, bado lina unyevu mgongoni. Nikalivaa hivyo hivyo, nikafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, nikaenda kazini.