Namba ya Karwitha

Chaki ilikuwa tayari mkononi mwa Nduta, na hasira ilikuwa tayari tangu mwaka jana. Ndipo Profesa Kingori alipolifuta jina la Nduta kwenye makala yao ya utafiti, akasema mbele ya wanafunzi kwamba binti wa wachuma chai wa Kangari alikuwa amempotezea muda. Walicheka. Nduta hakusahau hata meno yao.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Viini vya atomi za dhahabu vikigonganishwa kwenye mtambo mmoja wa ng'ambo, huzaliwa chembe zinazozunguka zikiegemea upande mmoja. Kabla hazijapimwa, hugongana zenyewe kwa zenyewe. Nduta alisema kugongana huko kunafifisha mzunguko, kwa hiyo vipimo vya Kingori vinadanganya. Kingori alisema ni upuuzi. Hakupima, alisema tu kwa mdomo.

Basi Nduta akapima, kwa kompyuta, katika chumba chake cha baridi Naro Moru. Na ili Kingori asije akadai amepika matokeo, alimwomba Karwitha, karani wa idara, achague namba yoyote, aiingize kwenye hesabu kwa siri na kuiweka kichwani. Jibu lingebaki limefichwa, hata kwa Nduta, mpaka Karwitha aitaje namba hiyo mbele ya watu, nayo itolewe kwenye jumla.

Leo, mlangoni pa ukumbi wa idara, kabla wageni walioalikwa kushuhudia hawajaketi, Karwitha alimshika Nduta mkono. Karwitha naye alishatukanwa na Kingori mara nyingi.

"Hii namba ni mimi peke yangu naijua. Niambie ile unataka niseme, tumalizane na huyu mzee."

Jamani, nani asingetamani? Nduta alitamani mpaka mate yakamjaa.

"Sema ile ile," akajibu. "Nataka nimchape na ukweli."

Karwitha akaitaja. Nduta akaitoa ubaoni. Kilichobaki, yaani kiasi cha mzunguko kufifia, kilikuwa kidogo mno, karibu na sifuri. Chembe ziligongwa huku na huku, na bado zilizunguka karibu vile vile zilivyozaliwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kingori alikuwa sahihi, na Nduta aliumia, aliumia kweli.

Profesa alitabasamu. Akawaambia wageni kwamba sasa makala yake ina ushahidi, akatoa simu aupige ubao picha.

"Futa hizo zingine, Nduta. Bakisha jibu pekee."

Nduta akafuta. Kisha, chini ya jibu, akaandika jina lake kamili, lile lile lililofutwa kwenye makala, kwa herufi kubwa kuliko namba, akikandamiza chaki mpaka ikavunjika. Akasogea kando.

Kingori alikuwa bado ameinua simu, wageni wakimtazama, na kidole chake hakikugusa kitufe.